Fimbo Kumi na Mbili

Ukifika lango la mbuga kule bonde la Lambwe siku ya Jumamosi, kabla hujamwona askari wala twiga, utamwona kwanza Susana. Ni mama wa miaka hamsini na sita, mfupi, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, na kwapani amekumbatia mzigo wa fimbo kama mtu anayepeleka kuni sokoni.

Fimbo zile si kuni. Kila moja imelainishwa kwa kisu na kuchomwa namba kwa chuma cha moto. Mgeni akitaka kupanda mlima wa Got Kwach, anapewa yake langoni aende nayo. Akirudi jioni, anairudisha. Ndiyo kazi ya Susana.

Zamani wageni walijiendeshea magari yao mpaka pale njia ya miguu inapoanzia. Walipokuwa wachache hapakuwa na neno. Lakini barabara ilipotengenezwa, na watu wa Kisii na Migori wakasikia kwamba ukisimama juu ya Got Kwach unaliona ziwa lote mpaka kisiwa cha Takawiri, magari yakazidi. Siku za likizo yalibanana pale chini hadi nyati wakakosa njia ya kwenda majini, na nyati mmoja akapeleka malalamiko yake kwenye mlango wa gari la mchungaji fulani. Basi ikakatwa shauri kwamba kila mgeni aache gari lake langoni, apande gari la kikundi cha wanakijiji, apelekwe mlimani na kurudishwa.

Kikundi kina magari mawili meupe yenye viti kumi na vinne. Moja linaendeshwa na Bonface, la pili na Dishon, na katika kila gari kuna mama mmoja wa kufunga mlango, kuandika daftari, na kuhakikisha kwamba waliopanda mlima ndio walioshuka. Pale pa kuteremkia wafanyakazi wanapaita Mwanzo tu. Kutoka langoni ni mwendo wa nusu saa, kwa udongo mweusi unaong'ang'ania gurudumu mvua ikinyesha, na kwa mbung'o wanaouma hata juu ya nguo.

Susana alifanya kazi hiyo miaka mitatu bila kumwacha mtu. Msimamizi wao, Millicent, alimsifu katika mkutano wa mwaka mbele ya watu wote. "Mnamwona huyu mama? Darasa la saba tu, lakini hesabu yake haijawahi kukosea. Nyinyi wenye vyeti mnapoteza hata ufunguo wa choo." Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wakamwita Mama Hesabu.

Alilipokea jina hilo kwa tabasamu. Lakini kila alipoitwa hivyo, kitu kilimchoma kifuani, kwa sababu yeye peke yake alijua kwamba hajawahi kuhesabu watu hata siku moja. Alikuwa akihesabu fimbo.

Na hapo ndipo inabidi turudi nyuma kidogo, upande wa Migori, kwao Ukuria, alikozaliwa.

Susana alipokuwa darasa la kwanza alifundishwa kuhesabu, na mtoto aliyejifunza kitu kipya hamalizi siku bila kukionyesha. Jioni ile alisimama mlangoni, ndugu zake wamelala juu ya ngozi, akanyosha kidole: moja, mbili, tatu, nne. Hakufika tano. Nyanya yake alikishika kile kidole akakiuma mpaka akalia.

"Mtu hahesabiwi," nyanya alisema. "Unamwitia nani hesabu hiyo? Hata ng'ombe hawanyoshewi kidole. Mchungaji anawatazama wakiingia zizini, anajua ni nani hayupo."

Kabla mahindi ya mwaka ule hayajakauka, surua ilipita pale nyumbani ikamchukua Mniko, yule wa nne. Hakuna aliyemwambia Susana kwamba ni kidole chake. Lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba si kidole chake.

Akakua, akaolewa na Mjaluo wa Lambwe, akaokoka, akabatizwa mtoni mbele ya kanisa zima. Leo ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama. Amewaambia wengi waache hirizi na mambo ya kale, waliotupa wametupa, na yeye mwenyewe alikuwa ametupa yote. Yote isipokuwa hilo moja, dogo kama punje ya mtama. Watu wa sensa walipokuja, aliwatajia watoto wake kwa majina, Oliver, Scovia, na wadogo zao, akawaacha wajumlishe wenyewe. Na alipopewa kazi ya gari, usiku kucha aliomba, asubuhi akaja na wazo la fimbo. Fimbo inahesabika. Fimbo haifi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, shule zimefungwa, wageni wamejaa langoni kama siku ya soko Oyugis. Miongoni mwao lilikuwako kundi la walimu waliostaafu kutoka upande wa Kisii, wengine wamekuja na watoto na wajukuu. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Mwalimu Bosibori, mama wa miaka sitini na tisa, mwembamba, mcheshi. Alipopewa fimbo namba saba aliigeuzageuza mkononi.

"Hii ya kutembelea au ya kuchapia?"

"Ya kutembelea, mwalimu," Susana alisema.

"Sawa. Mkono wangu ukiona fimbo unakumbuka mambo mengine kabisa."

Ndiye aliyewachekesha njia nzima mpaka Mwanzo.

Saa kumi na moja jioni, gari la Bonface lilikuwa limekwisha kuondoka na watu wake, na lile la Dishon likabaki kungoja safari ya mwisho. Daftari la Susana lilionyesha kwamba fimbo kumi na mbili bado ziko mlimani. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa ziwa, meusi kama sufuria ya kupikia pombe. Dishon, kijana wa miaka thelathini na kidogo, aliyazunguka magurudumu akiyatazama.

"Min Oliver," alisema, kama Wajaluo wanavyomwita mama kwa jina la mwanawe, "hiyo mvua ikitukuta pale kwa mto hatuvuki. Tutalala hapa na nyati."

"Wanakuja, nyathina, mwanangu. Ndio hao."

Wageni wakashuka mmoja mmoja, wamechoka, viatu vimejaa vumbi. Susana akapokea fimbo. Namba tatu. Namba kumi. Namba mbili. Akaja binti mmoja aitwaye Trizah, mjukuu wa mmoja wa wale walimu, anachechemea kidogo, na mikononi ana fimbo mbili. Akazitoa zote mbili. "Shika, mama." Kisha akaingia kiti cha nyuma kabisa, akaziba masikio yake kwa vile vidude vya muziki, akafumba macho.

Moja ya fimbo zile ilikuwa namba saba.

Susana aliiona. Hilo hakuweza kulikana baadaye, wala mbele za Mungu wala mbele za watu. Aliiona namba saba, na moyo ukamwambia: Inua macho, tazama waliomo ndani. Akainua macho. Akaona vichwa, kofia, leso, na kidole chake cha kuume kikakunjika chenyewe ndani ya kiganja kama mtoto anayejificha. Akashusha macho kwenye fimbo. Akazihesabu mpaka mwisho: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Zimetimia. Yule mwalimu bila shaka ameshaingia, alijiambia, amempa binti amshikie.

"Wote wako ndani?" Dishon aliuliza, mkono uko kwenye ufunguo.

"Wako."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

Akaandika kwenye daftari: waliopanda kumi na wawili, walioshuka kumi na wawili. Akatia sahihi yake, ile ya herufi nzuri za shule ya zamani. Dishon akapiga honi, gari likaondoka, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya kioo.

Walipofika langoni, mwenyekiti wa wale walimu, mzee aitwaye Nyamweya, aliyetangulia kurudi na gari la Bonface, alisimama mlangoni mwa gari akitazama wanaoteremka. Wote walipokwisha, aliendelea kuutazama ule mlango kana kwamba gari lina chumba kingine.

"Bosibori yuko wapi?"

Trizah akatoa vidude masikioni. "Mwalimu? Si alikuwa anakuja? Alikaa kwa jiwe kuangalia ziwa. Aliniambia fimbo yake inisaidie, mguu ulikuwa unaniuma. Nikajua tu mama wa gari atamngoja. Si wanajua tuko wangapi?"

Susana aliitazama sahihi yake daftarini. Si wanajua tuko wangapi.

Askari wa mbuga wakaondoka mara moja na gari lao lenye magurudumu makubwa. Susana akabaki kibandani pa kungojea, mvua inapiga mabati, walimu wamesimama wala hakuna anayekaa. Alijaribu kuomba. Alianza "Bwana, wewe unajua," na hapo akakwama, kwa sababu ndilo hasa lililomtisha.

Giza lilikuwa linaingia waliporudi naye. Walimkuta juu ya mwamba, nyati wanne wamesimama njiani chini yake, kifundo cha mguu kimevimba, kiatu kimoja kimepotea. Alikuwa ameloa mpaka mifupani. Askari walisema walimpata kwa sauti. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisa kwa Kikisii ili nyati wajue kuna mtu.

Wakamvika koti, wakampa chai. Alipomwona Susana amesimama pembeni alimwita kwa mkono. Susana akasogea, akainama.

"Mama," Bosibori alisema, meno yanagongana, "niliwaona mkiondoka. Niliwapungia leso."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Susana. Angemtukana, pengine ingekuwa nafuu.

Ndipo Millicent akaja na daftari limefunguliwa. Si mama wa kupiga kelele. Akikasirika sauti yake inashuka.

"Hapa imeandikwa kumi na wawili wamerudi. Na sahihi ni yako."

"Ndiyo."

"Sasa imekuwaje? Ulihesabu watu wakakamilika, halafu mmoja akateremka? Niambie, Min Oliver, nielewe."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Mzee Nyamweya anamtazama. Akina mama wawili wa kanisani kwake, wanaouza mandazi langoni, wanamtazama. Akafungua kinywa.

"Dishon alikuwa na haraka," Susana alisema. "Alisema mvua inakuja, hatutavuka mto."

Kila neno katika maneno hayo lilikuwa la kweli. Kwa maisha yake yote hajawahi kusema uongo mbaya kama huo.

Millicent akamgeukia Dishon. "Ni kweli ulimharakisha?"

Dishon akavua kofia. "Ni kweli nilisema hivyo." Akamtazama Susana, si kwa kumlaumu, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Mama Susana hawezi kukosea hesabu. Kama kuna kosa, basi labda mimi nilimchanganya. Au yule mwalimu aliteremka nikiwa nawasha gari, sikuangalia kioo."

"Leta ufunguo," Millicent alisema. "Jumatano kikundi kikae tuamue. Mpaka hapo usiguse gari."

Jumapili Susana alikwenda kanisani kwa sababu asingekwenda angeulizwa. Mchungaji alikuwa amekwisha kusikia habari za mwalimu aliyeokolewa mlimani, akaona hilo ndilo somo lake. Akasoma habari ya kondoo mia moja, mmoja akapotea. Akaisoma polepole, anavyopenda. Halafu akafunga Biblia.

"Mnajua huwa najiuliza nini? Huyu mchungaji alijuaje kwamba mmoja hayupo? Wale tisini na tisa walikuwa wakimzunguka, wengi, wanapiga kelele. Alijua kwa sababu jioni aliwaangalia mmoja mmoja. Upendo si maneno, wapendwa. Upendo unaangalia." Akatabasamu upande wa akina mama. "Na kati yetu tunaye mama anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake. Dada Susana, simama utupe ushuhuda jinsi Bwana alivyomrudisha yule mwalimu."

Vigelegele vikapigwa. Susana akasimama. Ile benchi aliyoishika ilikuwa imelainika kwa miaka ya mikono ya watu wanaosimama kutoa ushuhuda, wengi wao kwa kutiwa moyo na yeye mwenyewe.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

Wakangoja. Alijua Neno, alijua mistari, alijua jinsi ya kuanza. Hakuna kilichotoka.

"Bwana asifiwe," akarudia, akaketi, akajifunika uso kwa leso. Nyuma yake mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ameguswa na Roho," na wengine wakaitikia amina. Na Susana akatamani sakafu ile ya mavi ya ng'ombe ifunguke.

Walipotoka nje, jirani yake Roseline, muuza omena mwenye mdomo usiolala, alimshika mkono.

"Wewe leo umetunyima ushuhuda. Au unauweka upande bei?"

"Kichwa kinaniuma, Roseline."

"Pole. Yule dereva ndiye awe na kichwa cha kuuma, si wewe. Ati kuharakisha mama mzima kama mbuzi! Vijana wa siku hizi!"

Susana akajitoa mkono, akaenda nyumbani. Aibu ina tabia moja mbaya: kila anayekutetea anakuongezea mzigo.

Jumatatu mchana Dishon mwenyewe akaja. Alipiga hodi, akaingia, akakaa kwenye kile kigoda anachokaa siku zote akija kumsalimu. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu ambaye hana kazi ya kumchafua.

"Min Oliver, nisaidie kukumbuka," alisema. "Nimelala siku mbili nikifikiria. Nilipokwambia habari ya mvua, ulikuwa hujamaliza kuhesabu, au ulikuwa umemaliza? Kwa sababu kama hujamaliza, basi kosa ni langu na nitalikubali Jumatano. Lakini nataka nijue. Naona kama yule mama angekufa, ningekuwa nimemuua mimi."

Susana alikuwa amesimama karibu na meko. Alikuwa amempa Dishon mgongo, na akamshukuru Mungu kwa hilo, kisha akaona haya kwa kumshukuru Mungu kwa jambo kama hilo.

"Kula kwanza," alisema.

Akampakulia nyoyo, mahindi na maharagwe ya moto, akamwekea chumvi kando. Dishon akala. Susana alimjua kijana huyu tangu akiwa manamba, akiita abiria wa matatu. Ndiye aliyesaidiana na Oliver kumzika mume wa Susana, wakachimba kaburi kwenye udongo mgumu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Alikula mpaka akamaliza, akasema ahsante, akangoja kidogo. Susana akachukua sahani akaiosha, akaisuuza, akaiosha tena.

"Sawa, mama," Dishon akasema mwishowe. "Ukikumbuka utaniambia."

Akaenda. Na Susana akakaa kwenye kigoda kile kile kilichokuwa bado na joto lake. Alijua sasa kinachomzuia. Kazi? Kazi angeweza kuipoteza, angelima, angeuza mandazi pamoja na wale wengine. Lilikuwa neno moja tu: kwa nini. Akisema hakuhesabu watu, ataulizwa kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba kiongozi wa maombi, aliyewaambia akina mama watupe hirizi zao, bado anaogopa meno ya nyanya yake. Amewahi hata kujifariji kwa Biblia kwamba Daudi alihesabu watu na tauni ikaja. Lakini Daudi hakumwacha mama wa watu mlimani na nyati.

Jumatano kikundi kilikaa katika kibanda cha kungojea gari. Walikuja watu kama ishirini. Mzee Nyamweya alikuja kutoka Kisii, na pamoja naye Mwalimu Bosibori, mguu umefungwa bandeji, amejiegemeza kwa mkongojo. Alikataa kubaki nyumbani, alisema.

Millicent akaeleza jambo lilivyokuwa. Dishon akasimama kabla hajaitwa.

"Sitawachosha," alisema. "Mimi nilimharakisha Mama Susana. Mkiona niache gari, nitaacha. Naomba tu msiandike kwamba nilifanya kwa dharau."

Bonface, dereva mwenzake, akatikisa kichwa. "Msee, si ungejitetea hata kidogo?"

"Nijitetee na nini? Daftari linasema watu walihesabiwa."

"Daftari linasema uongo," Susana alisema.

Alikuwa amekaa karibu na nguzo. Sauti ilitoka ndogo mno hata Millicent akauliza, "Nani amesema?" Ikabidi asimame na kusema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Daftari linasema uongo, na ni mkono wangu ulioandika. Dishon aliniuliza kama nimehesabu, nikamwambia nimehesabu. Sikuhesabu watu. Nilihesabu fimbo. Fimbo ya mwalimu niliiona ikiletwa na mtu mwingine, na sikuangalia."

"Kwa sababu ya mvua," Dishon alisema haraka.

"Usinisaidie, nyathina. Mvua haikuniharakisha. Hata siku ya jua sihesabu." Akainua kidole chake cha kuume. "Sijawahi kuhesabu watu. Miaka yote mitatu. Nilikatazwa nikiwa mtoto, nikahesabu ndugu zangu, mmoja akafa. Nimeokoka, ninyi mnanijua, lakini kidole hiki hakijaokoka. Niliona haya kusema. Nikaona afadhali Dishon aonekane mbaya."

Halafu mtu mmoja nyuma, wala si kwa ubaya, akacheka puani. "Kwa hivyo Mama Hesabu hahesabu?"

Kicheko kikasambaa. Hakikuwa kikubwa, kilikuwa kile cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Susana akakisimamia, mikono imeshika leso. Aliwaona wale akina mama wawili wa mandazi wakitazamana, akajua kwamba kabla ya jua kutua kanisa lote litakuwa limejua. Kumbe alichokiogopa siku nne kilichukua muda mfupi kiasi hicho.

"Nyamazeni," Millicent alisema. Uso wake ulikuwa umechoka. "Min Oliver, kukosea ningeweza kukusamehe leo leo. Lakini umemwacha kijana huyu siku nne."

"Najua."

"Nilikusifu mbele za watu."

"Najua, mama."

Mwalimu Bosibori akagonga mkongojo wake chini, kama mtu anayetaka darasa litulie. "Naomba kuuliza swali. Mimi nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja. Mnadhani kila asubuhi nilikuwa nahesabu vichwa? Watoto wanahama viti, mmoja yuko chini ya dawati. Nilikuwa naita majina. Mtu akinyamaza, najua." Akamgeukia Susana. "Wewe ulijua jina langu siku ile?"

"Nilijua namba yako," Susana alisema, na machozi yakamtoka.

"Hapo ndipo ulipokosea. Hayo ya nyanya yako mtaulizana na mchungaji wenu." Akaushika mguu wenye bandeji. "Nimekusamehe. Lakini nilikuwa na baridi, mama. Sitakudanganya."

Ikaamuliwa kwamba Dishon arudishiwe ufunguo palepale. Susana akaondolewa kwenye gari kwa miezi miwili, akae langoni kuandika majina ya wageni, na akirudi, iwe ni kwa majina. Mkutano ulipovunjika, alimngoja Dishon nje. Akataka kupiga magoti, Dishon akamshika kiwiko akamzuia.

"Usifanye hivyo, mama. Watu wanaona."

"Nisamehe."

"Nimesamehe." Aliutazama ufunguo mkononi. "Lakini nilikuja kwako nikakuuliza. Ukanipa chakula."

Akaenda zake kwenye gari.

Jumapili iliyofuata alijivua mwenyewe uongozi wa maombi kabla hajavuliwa. Mchungaji alimkatalia mbele ya watu, kisha akamkubalia faraghani, alimwambia apumzike. Roseline alikuwa wa kwanza kuja nyumbani kwake, na omena kwenye karatasi. "Nimesikia," alisema. "Hata mimi sipiti njia ambayo paka mweusi amepita. Lakini usimwambie mtu." Wakacheka kidogo, na baada ya kucheka Susana akalia, na Roseline akawachambua samaki wale mmoja mmoja kama hajaona.

Mwezi wa kumi akarudi kwenye gari. Fimbo zipo bado, kwa sababu ya nyoka na mteremko, lakini sasa hakuna anayeziandika. Jioni, kabla mlango haujafungwa, Susana anasimama na daftari, anaita jina moja moja, na hasogei kwa lingine mpaka amesikia "niko" na ameuona uso. Wageni wengine hukereka. Mmoja alimwambia, "Mama, hii ni shule?" Akamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Itika."

Dishon naye amekuwa na tabia mpya. Zamani aliuliza tu, "Wote wako ndani?" na akisikia "wako," anawasha. Sasa Susana akimaliza majina yote, Dishon anageuka kwenye kiti chake, ananyosha kidole, na midomo inacheza: moja, mbili, tatu. Hafanyi kwa ubaya. Anahesabu tu, mwenyewe, kila safari, kama mtu anayepima kamba iliyowahi kumkatikia.

Siku ya kwanza kile kidole kilipomfikia, Susana alihisi baridi mgongoni, ile ya utotoni, ya mlangoni, ndugu wamelala juu ya ngozi. Aliinamisha kichwa. Hakukikunja kidole chake, wala hakujificha nyuma ya kiti.

"Kumi na watatu," Dishon alisema, "pamoja na wewe, mama."

"Kumi na watatu," Susana akaitikia, akafunga mlango.